Seva Mpya Inayotambaa: Kuutafuta Ukuta Dalili kwa Dalili

"Fundi, hawa watu walituuzia nini?"

Simu kutoka Malaba, mji wa mpakani, ilianza hivyo, bila salamu, na Malaba watu husalimiana hata wakiwa wamegombana. Aliyepiga ni dada mmoja, mhasibu katika ofisi ya mawakala wa forodha. Walikuwa wameistaafisha seva ya zamani yenye diski za kuzunguka, wakanunua mpya yenye diski za flashi pekee, zinazoweka data kwenye chipu bila kuzunguka, na sasa kuhifadhi hati moja kulichukua muda mrefu kuliko enzi za ile mashine kuukuu. Siku ya kukabidhi, muuzaji aliwaonyesha kipimo: zaidi ya gigabaiti 3 kwa sekunde. Nilipofika nikarudia kipimo kilekile, nikapata namba ileile. Muuzaji hakudanganya, na dada naye hakudanganya.

Jibu la Malaba lipo kwenye dalili ya nne. Kama haraka yako ni hiyo, ruka uende huko.

Kila seva inayofanya kazi huwa inagonga ukuta fulani: diski, kebo, prosesa, joto, au programu inayongoja jibu moja kabla ya kuomba jingine. Ukiubomoa ukuta wa kwanza unakutana na wa pili uliokuwa umejificha nyuma yake. Ndiyo maana nikiitwa huwa siulizi mashine ina kasi kiasi gani. Nataka kujua imegonga ukuta upi, saa ngapi, na nani alikuwa anaomba nini wakati huo.

Vifaa vyenyewe ni vya bure kwenye Linux: fio (iliyoandikwa na Jens Axboe) kwa ajili ya kupima, iostat kwa kutazama, nvme-cli na smartmontools kwa kuiuliza diski hali yake. Onyo moja kabla hujagusa kibodi: ukiielekeza fio iandike kwenye /dev/nvme0n1, yaani diski nzima, badala ya kwenye faili, itaandika juu ya kila kitu kilichomo, na haitakuuliza mara mbili. Nimewahi kukesha na familia moja ya data iliyopotea namna hiyo. Pima kwenye faili, au kwenye diski ambayo uko tayari kuiaga.

Dalili ya kwanza: kipimo ni kizuri kupita kiasi

Hii naiogopa kuliko zote, maana haimpi mtu sababu ya kupiga simu.

Kijana anaandika `dd if=/dev/zero of=jaribio bs=1M count=1000` na mashine inamjibu gigabaiti 2 kwa sekunde. Diski yenyewe ni ya SATA, muunganisho wa diski wa siku nyingi, na SATA ya kizazi cha tatu haivuki megabaiti 600 kwa sekunde hata ukiipigia magoti. Hapo diski haijaguswa. Linux imeipokea data kwenye RAM, ikashukuru, na kazi ya kuandika imeahirishwa. Ongeza `oflag=direct` au `conv=fdatasync` uone namba inavyorudi duniani.

Tatizo la pili la amri hiyo ni sifuri. Ukiwa na mfumo wa faili wa ZFS uliowashiwa ubanaji wa data, sifuri milioni moja hukunjwa zikawa karibu si kitu, nawe unasifia diski kwa kazi iliyofanywa na prosesa. Fio hutumia data ya nasibu, kwa hiyo hapo inakuokoa.

La tatu ni la flashi peke yake, na huwanasa hata waliobobea. Diski ya flashi ikiulizwa habari za eneo ambalo halijawahi kuandikwa, haina haja ya kwenda kuisoma flashi. Inajua hakuna kitu, inarudisha sifuri papo hapo. Ukipima usomaji kwenye diski iliyotoka kwenye boksi, unapima jinsi diski inavyosema "sina." SNIA, chama cha wenye viwanda vya kuhifadhi data, wana utaratibu wao wa kupima flashi: andika diski nzima mara mbili kwanza, halafu endelea na mzigo wa jaribio mpaka namba zitulie. Utulivu kwao una maana kamili: ndani ya awamu tano mfululizo, matokeo yasitofautiane zaidi ya asilimia 20 ya wastani, na mwelekeo wake usipande wala kushuka zaidi ya asilimia 10. Kwa diski ya terabaiti kadhaa kazi hiyo inakula nusu siku. Mteja akikuharakisha, mwambie chai iko upande ule.

Dalili ya pili: kasi inagota kwenye namba ileile kila mara

Hii ni rahisi, na inapendeza kuitatua mbele ya watu. Namba ikigota mahali pamoja bila kutikisika, hiyo ni alama ya vidole ya ukuta fulani:

- Megabaiti 110 hadi 118 kwa sekunde: unapima mtandao wa gigabiti 1. Diski iliyo upande wa pili wa waya haijaanza hata kutoa jasho.
- Karibu 270 au 280: umechomeka kwenye mlango wa SATA wa kizazi cha pili, au kebo mbovu imeifanya ishuke yenyewe.
- 530 hadi 560: SATA ya kizazi cha tatu, imefika mwisho wake. Hakuna kosa.
- 800 hadi 900: diski ya NVMe, yaani flashi inayochomekwa kwenye njia za PCIe za ubao mkuu, inayopumua kwa njia moja tu ya PCIe 3.0 badala ya nne.
- 1,100 hadi 1,200: mtandao wa gigabiti 10.
- 3,200 hadi 3,500: njia nne za PCIe 3.0. Kama kwenye boksi wameandika 7,000, ulinunua diski ya PCIe 4.0 ukaiweka kwenye seva ya kizazi cha nyuma.

Kwa PCIe, thibitisha kwa `lspci -vv` ukiwa na mamlaka ya root. Tafuta LnkCap, yaani uwezo, na LnkSta, yaani hali ya sasa. Ukiona LnkSta inasema x1 na pembeni yake *downgraded*, zima mashine, chomoa kadi, safisha meno yake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti, rudisha mpaka usikie imekaa. Mwaka mmoja nilifanya hivyo kwenye seva iliyokaa karibu na dirisha linalotazama barabara ya malori. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia mpaka kwenye meno ya kadi. Ikirudi x1 baada ya usafi, soma kitabu cha ubao mkuu. Nafasi nyingine zina urefu wa x16 kwa macho lakini njia zilizounganishwa ni chache, hata moja tu.

Dalili ya tatu: inaanza kwa mbio, kisha inaanguka

Hapa pana sababu tatu tofauti zenye sura moja, na mafundi wengi huzichanganya. Ili uzitenganishe, inabidi ujue flashi inafanyaje kazi yake.

Flashi ya NAND husomwa na kuandikwa kwa kurasa, kwa kawaida za kilobaiti 16 hivi, lakini hufutwa kwa matofali ya megabaiti kadhaa kwa mpigo. Ukurasa uliokwisha kuandikwa hauandikwi tena juu yake mpaka tofali zima lifutwe. Kusoma ni kazi ya maikrosekunde makumi, kuandika, mamia, kufuta tofali ni milisekunde nzima, wakati mwingine kadhaa. Diski basi hukwepa kufuta kadiri iwezavyo: kila kinachoandikwa upya hupelekwa ukurasa mpya, na wa zamani hubaki kama taka. Siku kurasa safi zikiisha, diski inalazimika kuokota kurasa hai kutoka kwenye matofali yaliyojaa taka, kuzihamisha, kufuta, ndipo ikuhudumie. Wewe umeandika gigabaiti 1; ndani yake zimeandikwa 3 au 4.

Juu ya hapo, diski nyingi za TLC, zinazoweka biti tatu kwenye kila seli, hutenga sehemu ya seli na kuandika biti moja moja tu, kwa sababu biti moja huandikwa upesi. Sehemu hiyo ikijaa, ujanja umeisha.

Sasa tenganisha. Endesha hii kwa saa nzima na uangalie namba zikipita:

`fio --name=saamoja --filename=/data/jaribio.dat --size=200G --direct=1 --ioengine=libaio --rw=randwrite --bs=4k --iodepth=32 --runtime=3600 --time_based --status-interval=10`

Kwa jaribio la ile sehemu ya biti moja, yaani kache, tumia `--rw=write --bs=1M`, ili ujaze haraka.

Ikiwa kasi inaanguka baada ya *kiasi* kilekile cha data, tuseme kila ukifika gigabaiti 60, kisha baada ya mapumziko inarudi na kuanguka tena kwenye 60, hiyo ni kache ya biti moja. Diski ya nyumbani hiyo, imevalishwa suti ya ofisi.

Ikiwa inaanguka baada ya *muda* uleule bila kujali kiasi, na `nvme smart-log /dev/nvme0` inaonyesha joto linazunguka nyuzi 70 au 80, ni joto. Kwenye taarifa hiyohiyo kuna mistari miwili inayohesabu dakika ambazo diski imekaa juu ya kiwango cha onyo na kile cha hatari. Kama si sifuri, ilikwisha kulalamika zamani na hakuna aliyesikiliza. Chukua feni ya mezani, ielekeze kwenye diski, rudia. Namba ikipona, umepata jibu kwa gharama ya feni. Ila usifungue kifuniko cha seva ukidhani unaipa hewa. Feni za seva huvuta hewa kwa mstari kutoka mbele kwenda nyuma. Kifuniko kikiondoka, hewa inapotelea juu na diski zinazidi kuungua. Ndivyo ilivyo pia kwa nafasi tupu za diski zisizo na vifuniko vyake vya plastiki.

Kwetu Uganda kuna jambo ambalo miongozo ya nje hailisisitizi: mwinuko. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Seva za daraja la A2 kwa viwango vya ASHRAE, chama cha wahandisi wa hewa na ubaridi, huruhusiwa chumba cha hadi nyuzi 35, lakini ukipanda juu ya mita 900 unapunguza nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kampala iko karibu mita 1,200, kwa hiyo kikomo chako ni 34. Kabale iko karibu mita 2,000, unakaribia 31. Ubaridi wa Kabale unafidia, mradi seva haijafungiwa kwenye stoo pamoja na birika la chai.

Ya tatu ni ile inayokuja polepole, kwa wiki. Siku ya kwanza inaruka, mwezi wa pili inatambaa, na mapumziko ya usiku hayaiponyi. Hapo diski imejaa na haijui kipi ni taka. Mfumo wa uendeshaji unapaswa kuiambia kwa TRIM. Endesha `fstrim -av` uone kama inakubali. Diski zikiwa nyuma ya kontrola ya RAID, kadi inayozifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja, mara nyingi ujumbe huo haupiti. Dawa yake ni kuipa diski nafasi ya kugeuka. Umewahi kujiuliza kwa nini kuna diski za terabaiti 1.92 na nyingine za 1.6 katika familia moja? Kwa kawaida flashi ndani yao ni ileile. Ya 1.6 imeficha sehemu kubwa zaidi kwa ajili ya kuhamisha na kufuta, ndiyo maana huvumilia kuandikwa yote mara tatu kwa siku wakati ya 1.92 huahidi mara moja. Ukinunua kubwa ukaacha asilimia 15 hadi 20 bila kuigawa, baada ya kuifuta yote kwa `blkdiscard`, umejitengenezea ndogo yenye pumzi.

Dalili ya nne: fio inasifia, hifadhidata inalia

Hii ndiyo Malaba.

Kasi ya gigabaiti 3 ilipatikana kwa maombi 32 yaliyopangwa foleni kwa wakati mmoja, kila moja kubwa. Hesabu ni ya darasani: idadi ya maombi kwa sekunde ni urefu wa foleni ukigawa kwa muda ambao ombi moja linachukua. Ombi likichukua maikrosekunde 100 na foleni ni ya mtu mmoja, unapata maombi 10,000 kwa sekunde, basi. Foleni ya 32 ingekupa 320,000 kama muda haukuongezeka. Programu ya dada yule haikuwa na foleni. Iliandika mstari mmoja wa hati, ikaiambia diski "hakikisha umeandika kweli," ikangoja, ndipo ikaandika mstari wa pili. Hati ya mzigo uliochanganyika ina mistari mamia.

Hilo "hakikisha" ndilo fsync. Diski ya flashi ya ofisini ina kapasita ndani yake zenye umeme wa kutosha kuimaliza kazi hata ukikata waya, kwa hiyo fsync ikija inajibu "tayari" mara tu data inapofika kwenye RAM yake ndogo. Makumi ya maikrosekunde. Diski ya nyumbani haina kapasita hizo; ikitaka kuwa mkweli lazima ishuke mpaka kwenye seli, na safari hiyo ni milisekunde. Seva mpya ya Malaba ilikuwa na diski mbili za nyumbani, nzuri kwa kuhariri video. Ile kuukuu je? Diski zake zilikuwa za polepole, lakini mbele yao palikuwa na kontrola ya RAID yenye kache na betri. Kontrola ilikuwa inajibu "tayari" badala ya diski.

Ukitaka kuiona dalili hii uchi:

`fio --name=fsync --filename=/data/f.dat --size=1G --rw=write --bs=4k --ioengine=sync --fdatasync=1 --runtime=60 --time_based`

Soma sehemu ya fsync/fdatasync kwenye matokeo, hasa asilimia ya 99, yaani muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauvuki. Wenye etcd, hifadhidata inayobeba Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi), wanataka isizidi milisekunde 10. Mimi kwa ofisi ya uhasibu nikiona zaidi ya milisekunde 2 naanza kuuliza maswali. Ukiwa na hifadhidata ya PostgreSQL, `pg_test_fsync` imo ndani ya kifurushi na inakuambia hayo hayo.

Malaba tulibadilisha diski mbili tu, na nikamwomba aliyeandika programu aikusanye mistari yote ya hati kwenye muamala mmoja. Ombi la pili lilisaidia zaidi kuliko diski. Kuna kijana aliyekwisha kuwashauri wazime fsync kwenye hifadhidata, na kweli kila kitu kingekimbia, mpaka umeme ukatike katikati ya kuandika. Umeme wetu mnaujua.

Dalili ya tano: wastani ni mzuri, watu wanalalamika

Wastani hauna macho. Tuseme ombi 1 kati ya 100 ndilo linalokwama, na ukurasa mmoja wa mfumo wako unahitaji maombi 50. Kurasa karibu 40 kati ya kila 100 zitamgusa aliyekwama. Mteja hajui wastani wako. Anajua kwamba ukurasa umeganda. Soma mistari ya 99.00th na 99.90th kwenye fio, ndipo ujue diski inakosa adabu kiasi gani wakati wa kufuta matofali.

Kwenye iostat -x, usihangaike na safu ya %util kwa NVMe. Inakuambia tu kwamba palikuwa na angalau ombi moja ndani, wakati diski hizi huhudumia mamia kwa pamoja. 100 inaweza kuwa nusu ya uwezo. Tazama r_await na w_await, yaani muda wa kungoja kusoma na kuandika, na aqu-sz, urefu wa foleni.

Na uliza *saa*. SACCO moja walinung'unika miezi miwili: kila asubuhi, tangu ofisi inafunguliwa mpaka saa nne, mfumo unaganda. Mchana safi. Walikwisha kununua RAM, walikwisha kubadilisha swichi. Nilipofika mchana nikapima kila kitu, kila kitu kizima, nikaonekana mwongo. Niliacha `sar` ikirekodi mwenendo wa mashine usiku kucha. Kesho yake grafu ilikuwa wima kama ukuta wa kanisa: saa mbili kamili asubuhi usomaji wa diski unapanda mpaka juu, saa nne kasorobo unashuka. Nikafungua crontab, ratiba ya kazi zinazojiendesha. Nakala rudufu ya hifadhidata nzima, `0 8 * * *`.

Nikamwita kijana wa kompyuta. "Nani alikupa muda huu?"

"Mzee meneja, afande. Aliniambia nakala iende saa nane usiku."

Saa nane usiku. Kijana akaandika 8. Seva, isiyojua Kiswahili wala Kiganda, ikasubiri mpaka saa mbili asubuhi, ofisi ikiwa imejaa, ikaanza kazi. Ilitakiwa 2. Kucheka tulicheka, lakini RAM ilikwisha kununuliwa. Tangu hapo, mtu akinitajia saa naiandika kwenye karatasi kwa namna zote mbili na kumsomea.

Kama kinachochelewa ni kutoa risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, peke yake na mengine yanakwenda, acha diski, tazama intaneti.

Dalili ya sita: uandishi umekuwa mzito tangu umeme ulipokatika

Karibu kila mara ni betri ya kontrola ya RAID. Ikifa au ikiwa inajichaji upya, kontrola inaacha kuiamini kache yake na kupeleka kila kitu moja kwa moja diskini. Kwa kontrola za familia ya MegaRAID, `storcli /c0/vall show` ina safu ya Cache. WB ni kuandika kwa kupitia kache, WT ni bila. Ukiona WT mahali ulipoacha WB, nunua betri. Usilazimishe WB bila betri.

Kama betri ni nzima, angalia kama kuna diski inayojengwa upya. RAID 5 tayari hugeuza kila uandishi mdogo kuwa kazi nne, RAID 6 sita. Ukiongeza ujenzi juu yake, vumilia mpaka uishe.

Dalili ya saba: diski imekaa bure, na bado mambo ni polepole

Await ni ndogo, foleni haipo. Basi ukuta uko kwingine.

Kwanza prosesa. Seva nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali ya kubana umeme. Amri ya `cpupower frequency-info` itakuonyesha kama masafa yamekaa chini, na BIOS ina ukurasa wa kubadilisha. Angalia pia ugavi wa umeme. Seva yenye vifaa viwili vya ugavi ikichomekwa kimoja tu, baadhi ya modeli huishusha prosesa kwa makusudi ili isizidiwe. Nimeikuta waya wa pili ukiwa umechomolewa ili mtu achaji simu.

RAM nayo ina njia zake. Prosesa za AMD EPYC za mfululizo wa 7002 zina njia 8 za kumbukumbu kwa kila prosesa, 9004 zina 12. Ukiweka kipande kimoja cha gigabaiti 64 ukidhani utaongeza baadaye, umefungua mlango mmoja kati ya hiyo minane. STREAM, kipimo cha John McCalpin, kitakuonyesha aibu hiyo kwa dakika moja.

Kwenye seva ya prosesa mbili, diski ya NVMe imefungwa kwa moja wapo. `cat /sys/class/nvme/nvme0/device/numa_node` inakuambia ipi. Kisha endesha fio chini ya `numactl --cpunodebind` upande huo na upande wa pili, ulinganishe. Kama fio yenyewe imekula kiini kimoja cha prosesa asilimia 100, ulichopima ni kiini hicho, ongeza `--numjobs`.

Na kwa mashine pepe, tazama %st kwenye top, yaani muda ambao mashine yako inaingoja prosesa inayotumiwa na wengine. Ikiwa juu ya sifuri kwa muda mrefu, mwenye nyumba amepangisha vyumba vingi kuliko alivyonavyo.

Dalili ya nane: diski ya mtumba inayojifanya mpya

Diski za ofisini zilizotumika huingia mjini kwa wingi, na sizikatai; flashi ya ofisini iliyotumika nusu ni bora kuliko ya nyumbani iliyo mpya. Ila isomwe kwanza. Kwenye `nvme smart-log`, percentage_used ni kiasi cha uhai ulioliwa (inaweza kupita 100, diski ikiendelea kwa neema), available_spare ni akiba iliyobaki, na media_errors nataka iwe sifuri. Data_units_written izidishe kwa baiti 512,000: vipande milioni 400 ni karibu terabaiti 205. Diski ya terabaiti 1.92 iliyoahidiwa kuandikwa mara moja kwa siku kwa miaka 5 inavumilia zaidi ya terabaiti 3,500, kwa hiyo hiyo ni kijana bado.

Usisahau saa za kuwaka na fimwea, programu inayoishi ndani ya diski yenyewe. Novemba 2019 HPE, watengenezaji wa seva, walitangaza kwamba baadhi ya diski zao za flashi za SAS (muunganisho wa diski za seva), kama hazijawekewa fimwea ya HPD8, zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Hesabu hiyo ndiyo inayojaza kaunta ya biti 15. RAID haikusaidii hapo: diski zote ziliwashwa siku moja, zote zinafika saa hiyo pamoja. Diski za namna hiyo huenda bado zinazunguka sokoni, kwa hiyo namba ya fimwea isomwe kabla ya bei.

Mwisho, ukubwa. Diski ya SATA ya terabaiti 4 kwa bei ya terabaiti moja ijaribiwe kwa kuijaza yote na kuisoma upya. Fio ina `--verify=crc32c`; kuna pia programu ya f3 iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Moja niliyoletewa ilipita kila kitu kwa dakika ishirini, kisha data ikaanza kurudi ikiwa takataka baada ya gigabaiti 60 na kidogo. Nilimrudishia muuzaji na mwenye diski akiwa kando yangu. Aliapa. Akachukua bisibisi mwenyewe, akafungua kifuniko mbele yetu, na ndani, katikati ya ganda tupu, kulikuwa na kadi ya kumbukumbu ya simu imebandikwa kwa gundi.